Ukiombwa kitambulisho cha umri dukani Uingereza: maelezo ya keshia aliyewahi kukataliwa

Desemba ya 2012, wiki ya tatu tangu nifike Coventry, niliingia duka moja kubwa kununua vitu vya Krismasi. Kwenye kikapu nilikuwa na mchele, vitunguu, mapaja ya kuku, na chupa moja ya divai nyekundu ambayo wifi yangu aliniagiza kwa ajili ya kupikia nyama. Nilikuwa na miaka 31, na mtoto wa miaka mitano niliyemwacha Kibosho, kwetu Kilimanjaro, kwa mama yangu. Binti wa kaunta aliitazama chupa, akanitazama usoni, akasema neno nililolisikia kama "aidii". Nilipoelewa anataka nini, nikampa kadi yangu ya mpigakura. Akaigeuza mbele na nyuma, akatikisa kichwa, akaishusha ile chupa chini ya kaunta. Nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga, wanatazama. Nililipia mchele na kuku, nikatoka na machozi yananilengalenga.

Nataka ieleweke kwa nini niliumia. Kibosho mtu hahitaji karatasi ili ajulikane kuwa ni mkubwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishaiva, mzee ndiye anayepewa kata kwanza, na kila aliyeketi pale anajua nani alizaliwa kabla ya nani. Umri wako umebebwa na majirani. Kumwuliza mama mzima umri wake mbele za watu ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo yule binti, mdogo kwangu kwa zaidi ya miaka kumi, nilimwona amenitukana.

Leo mimi ndiye niliye upande wa pili wa kaunta. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika duka la mtaa, hapa hapa Coventry, na nina leseni binafsi ya kuidhinisha uuzaji wa pombe. Kila wiki Mswahili mmoja au wawili huondoka mbele yangu wakiwa wamenuna kama nilivyonuna mimi mwaka ule. Ndiyo maana nimeandika maelezo haya, kwa wageni, kwa wanafunzi, kwa wazazi waliokuja kusalimia watoto, na kwa vijana wanaoanza kazi ya kaunta.

Bango la 25 lina maana gani

Umri wa kununua pombe Uingereza ni miaka 18. Lakini karibu kila duka lina bango lenye maneno Challenge 25, na watu wengi wa kwetu hulisoma vibaya. Kijana wa miaka 22 huniambia, "Dada, mimi sijafika 25, basi acha." Si hivyo. Ukiwa na 18 kamili unanunua. Hiyo 25 ni kipimo cha macho ya muuzaji. Akikuona kama uko chini ya 25, anatakiwa akuombe uthibitisho kwamba umetimiza 18. Sababu ni kwamba jicho la mtu hudanganya. Kijana wa 17 mwenye ndevu anaweza kuonekana 23. Ile miaka saba ya katikati imewekwa ili muuzaji akikosea, akosee upande ulio salama.

Uingereza kwenyewe na Wales, sharti la leseni ni kila duka na baa wawe na utaratibu wa kuhakiki umri, na wengi wameuweka kwenye 25. Scotland hakuna hiari: tangu Oktoba 2011 sheria yenyewe imetaja 25. Ukienda kumtembelea ndugu Glasgow, ujue pia kwamba maduka ya huko huuza pombe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku tu, na baada ya hapo hata uwe na mvi kichwa kizima hupati.

Sisi Waafrika tunaulizwa hadi tumepita miaka 35, kwa sababu Mwingereza hana mazoea ya kuusoma umri kwenye uso wetu. Mimi mwenyewe nikiwa na Waingereza hubabaika vilevile. Wapo wenye miaka 28 ambao ningeapa wana 40, na wapo wa 30 ninaowaomba kitambulisho.

Kwa nini keshia hawezi kukuachia

Hili ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote, maana wengi hudhani keshia anajifanya mkubwa.

Chini ya Sheria ya Leseni ya 2003, anayeuza pombe kwa mtoto anatenda kosa yeye binafsi, mtu aliyeshika chupa. Faini ya papo kwa papo ni pauni 90, na ikifika mahakamani inaweza kuwa kubwa zaidi. Duka likikutwa limeuza kwa watoto mara mbili ndani ya miezi mitatu, linashtakiwa kwa kosa jingine zito zaidi, na leseni yenyewe inaingia hatarini. Maofisa wa biashara wa halmashauri wana utaratibu wa kumtuma kijana aliye chini ya 18 aingie dukani kama mteja wa kawaida, huku ofisa akiwa karibu anaangalia. Hakuna alama usoni inayokuambia ni yeye.

Mwenzangu mmoja wa zamu ya jioni aliuza makopo manne ya bia kwa kijana wa namna hiyo. Ilikuwa Ijumaa, foleni imefika hadi kwenye mikate, na yule kijana alikuwa mrefu kuliko sisi wote. Mwenzangu alilipa faini na kazi akaipoteza, na wakati huo alikuwa anasomesha wadogo zake wawili nyumbani Kenya. Tangu siku hiyo, nikiwa na shaka hata chembe, nauliza. Mkononi mwangu ipo bia ya pauni chache, na kwa upande wa pili ipo kodi ya nyumba yangu.

Kwa hiyo kumwambia keshia "nihurumie leo tu" hakusaidii. Hana mamlaka ya kukuhurumia. Akishakataa, anaandika kwenye daftari la waliokataliwa: tarehe, saa, kitu ulichotaka, sura yako kwa maneno machache, na saini yake. Meneja husoma daftari lile, na wakaguzi nao huliomba.

Kitambulisho kinachokubaliwa

Kanuni ni fupi: kiwe na picha yako, kiwe na tarehe ya kuzaliwa, na kiwe na hologramu au alama inayoonekana chini ya mwanga wa urujuanimno. Katika kaunta nyingi hiyo ina maana ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni pasipoti, na ya nje inafaa. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Burundi, Kongo, zote mimi huzipokea, mradi hazijaisha muda. Nikipewa ya Tanzania mkono wangu hauhitaji hata kutafuta tarehe iko wapi. Keshia mwingine anaweza kuhangaika, kwa hiyo mfungulie ukurasa wa picha kabla hujampa.

Cha pili ni leseni ya udereva ya Uingereza ya kadi. Si lazima ujue kuendesha. Leseni ya kujifunzia, inayoitwa provisional, ni kitambulisho kamili, na Waingereza wengi wasio na gari huikata kwa ajili hiyo tu. Rangi yake ni ya kijani. Tarehe ya kuzaliwa iko kwenye namba 3, na tarehe ya kuisha iko 4b.

Cha tatu ni kadi yenye alama ya PASS, yaani alama ya mpango wa Uingereza wa kuthibitisha umri. Hutolewa na mashirika mbalimbali yaliyoidhinishwa, na CitizenCard ni mojawapo. Usitazame jina la shirika, tazama ile alama ya PASS yenye hologramu. Kwenye kadi halali hologramu imelala ndani ya kadi yenyewe. Ukipitisha kidole hutahisi ukingo wowote; ukiuhisi, kadi ina walakini. Ukiona keshia anaipapasa kadi yako kwa dole gumba usikasirike, anatafuta ukingo huo.

Kitambulisho cha jeshi la Uingereza nacho hukubaliwa, ila wenye nacho hawahitaji maelezo yangu.

Sasa vile ambavyo watu wetu huvileta na mimi huvirudisha. Kadi ya NIDA, kitambulisho cha taifa cha Tanzania: ni ya heshima nyumbani, lakini keshia wa hapa haijui na hana namna ya kuihakiki. Kitambulisho cha Kenya, hivyo hivyo. Kadi ya mpigakura, nimeshasimulia. Kadi ya chuo isiyo na alama ya PASS, hapana, hata kama ina picha na hata kama chuo ni kikubwa. Kadi ya benki hapana. Najua benki haimpi kila mtu mkopo, lakini kadi yake wanaipata hata watoto.

Leseni ya udereva ya nyumbani huleta ugomvi mwingi. Mkazi mpya anaruhusiwa kuendesha gari hapa kwa leseni ya Tanzania au Kenya kwa muda wa miezi 12, kwa hiyo mtu husema, "Inaniruhusu barabarani, itashindwaje kunipa bia?" Ni mambo mawili tofauti. Ruhusa ya barabarani imeandikwa kwenye sheria ya barabara. Kwenye kaunta kuna orodha ya duka, na katika orodha yetu leseni za nje hazimo.

Kisha kuna ile kadi ya ukaazi, BRP. Zamani wengi waliitumia madukani. Kadi hizo nyingi ziliandikwa kuisha tarehe 31 Desemba 2024, na nafasi yake imechukuliwa na viza ya kidijitali. Usije kaunta na kadi iliyoisha, na usije na namba ya siri ya kuonyesha viza yako; hiyo ni ya mwajiri na mwenye nyumba. Hili limewaacha wengi wetu bila kadi yoyote mfukoni, na wanagundua siku ya sherehe.

Na picha ya pasipoti kwenye simu? Hapana. Hata ikiwa safi kiasi gani. Siwezi kupapasa hologramu kwenye kioo cha simu.

Kata kadi kabla hujaihitaji

Ushauri wangu kwa kila anayekaa hapa zaidi ya miezi sita ni huu: kata leseni ya kujifunzia. Unaomba kwa wakala wa serikali wa leseni, DVLA, kupitia tovuti ya gov.uk. Ada niliyolipa kwa ajili ya binti yangu ilikuwa pauni 34 mtandaoni. Kwa fomu ya posta ilikuwa 43. Wanataka uwe mkazi mwenye ruhusa ya kuishi hapa kwa siku zisizopungua 185, na mtoto anaweza kuomba akiwa na miaka 15 na miezi tisa. Jaza anwani kwa uangalifu, kwa sababu kadi inakuja kwa posta, na ukihama lazima uwaarifu. Kubadilisha anwani ni bure, ila kunyamaza kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000. Watu wetu huhama sana, chumba hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, na hili hulisahau.

Kama hutaki au huna sifa za leseni, kata kadi ya PASS. Utahitaji picha, uthibitisho wa utambulisho, na mara nyingi mtu asiye ndugu mwenye kazi inayotambulika wa kuthibitisha kwamba ni wewe. Mwalimu wa chuo anafaa. Usilipie kadi kwenye tovuti yoyote inayojiita ya vitambulisho kabla hujahakikisha ina PASS. Nimeona vijana watatu wa Kiafrika wakiwa na kadi nzuri za kung'aa, za plastiki ngumu, ambazo hazina thamani yoyote dukani.

Msitembee na pasipoti usiku. Nalisema hili kwa msisitizo, hasa kwa wanafunzi. Kijana mmoja wa kwetu aliipoteza kwenye klabu siku ya kumaliza mitihani, na safari ya kuipata nyingine ilimchukua hadi polisi, kisha London kwenye ubalozi wetu pale Stratford Place, nauli ya treni juu yake, na likizo ya kwenda nyumbani ikampita. Mama yake alikuwa amemsubiri kwa miaka miwili. Kadi ya plastiki ikipotea, unakata nyingine na maisha yanaendelea.

Ukifika kaunta

Kitoe kabla hujaulizwa. Ukiwa kwenye foleni na chupa mkononi, kadi iwe tayari, imetoka kwenye kipochi chake cha nailoni. Keshia anataka aishike. Mkabidhi, mtazame usoni, ondoa kofia kama picha haina kofia. Chupa ikipita kwenye mashine yetu, mashine hutuonyesha tarehe: aliyezaliwa siku hii au kabla yake, uza. Tunalinganisha tarehe, tunalinganisha uso, basi. Sekunde kumi.

Kwenye mashine za kujihudumia, ukipitisha pombe taa hubadilika na mashine husimama. Haijaharibika. Subiri mfanyakazi aje, usianze kuigonga. Pitisha pombe mwanzoni kabisa, ili mfanyakazi awe anakuja huku wewe unaendelea na vitu vingine.

Ukikuta keshia ni mtoto mdogo, akabonyeza kengele na kumwita mkubwa wake, sababu ni kwamba aliye chini ya 18 hawezi kuuza pombe bila kila uuzaji kuidhinishwa na mtu mzima mwenye dhamana. Hakushuku wewe. Yeye ndiye hajafikisha umri.

Ukiagiza vinywaji vije nyumbani, kadi iwe karibu na mlango, kwa sababu dereva naye anauliza. Usimtume mtoto kufungua.

Kundi la watu

Hapa ndipo niligombana na mzee niliyemheshimu. Jumamosi moja, siku ya sendoff, aliingia mzee wa Kitanzania, kama miaka sitini hivi, na vijana wawili wa nduguze. Mzee akaniamkia vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, tukagundua ukoo wake na wetu waliwahi kuoleana. Huku tunaongea, wale vijana walikuwa kwenye rafu wanachagua, "chukua hii, ile haina nguvu," na mmoja akatoa noti zake akampa mzee. Kisha mzee akaweka kreti mbili kaunta.

Nikawaomba vijana vitambulisho. Mmoja alikuwa nacho, miaka 20. Wa pili alisema ana 19, lakini kadi ameiacha nyumbani. Nikakataa kuuza kreti zote.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, mimi ndiye ninayenunua. Unaninyima mimi?" Sauti yake bado naisikia. Nilimjibu, "Baba, nisamehe. Nimeona pesa zikitoka kwa kijana." Kumnunulia pombe mtoto ni kosa la mnunuzi, na nikiuza huku nimeona dalili hizo, nami nimo. Kama yule kijana angekuwa amekaa tu pembeni akimsubiri mzee wake, nisingeuliza neno. Lakini aliyechagua na kulipa, huyo ndiye mnunuzi machoni pangu, yeyote aliyebeba kreti.

Kwa hiyo mkienda kununua vya sherehe, kila kijana atakayeingia dukani na nyinyi awe na kadi yake. Asiye nayo na ana 19 arudi kuichukua. Na mmoja akishakataliwa, msimtume mwingine dakika tano baadaye kuchukua chupa ile ile. Tunazikumbuka chupa kuliko mnavyodhani.

Yule mzee alirudi wiki iliyofuata kununua maziwa. Aliniita mwanangu tena, nikashukuru Mungu.

Watoto

Nimelelewa kwa kutumwa. "Kimbia kwa Mangi ukalete bia mbili, mwambie baba atalipa kesho." Nilikuwa na miaka tisa, na chupa nilizibeba kifuani kama kitoto kichanga. Wengi wenu pia. Nyumbani nako siku hizi sheria haijalala: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni yeyote chini ya 18. Ila mazoea yana miguu mirefu.

Hapa, kumtuma mtoto kuchukua pombe dukani ni kosa linalojitegemea kisheria, hata kama bia ni yako na pesa ni zako. Usimpe kijana wako wa miaka 15 orodha yenye vitu kumi na chupa ya divai ya mchuzi ikiwa ya kumi na moja. Keshia ataitoa divai, na mtoto ataaibika kwa kosa lako.

Kuja na watoto dukani hakuna shida. Mama mwenye watoto watatu kwenye kitoroli na divai yake, karibu. Ila chupa iweke kaunta kwa mkono wako, na usimwulize binti wa miaka 16 mbele yangu, "Wewe unataka ipi?" Ukiuliza hivyo umenifunga mikono.

Katika mgahawa kuna nafasi moja: kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, divai au saida (pombe ya matofaa) akiwa mezani anakula chakula, pamoja na mtu mzima, na mtu mzima ndiye anunue. Vinywaji vikali havimo. Mgahawa una haki ya kukataa hata hivyo.

Kitambulisho cha kaka

Wapo wanaoazimana. "Tunafanana, na hawa hawatofautishi." Hili la mwisho lina uchungu wa kweli ndani yake, lakini siku ukikutana na mimi kaunta ninatofautisha. Nauliza mwezi wa kuzaliwa, nauliza posti kodi, yaani msimbo wa posta wa anwani iliyo kwenye kadi, nauliza nyota. Kutumia kitambulisho cha mtu mwingine ni kosa, kadi inaweza kuzuiwa, na aliyekuazima atatafutwa pia. Kwa mwenye viza, rekodi ya namna hiyo ni mzigo ambao chupa moja haiwezi kuulipa.

Ukihisi umeulizwa kwa ajili ya rangi yako

Hutokea. Sitasema hapana. Duka lina haki ya kukuomba kitambulisho na hata kukataa kukuuzia, lakini Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kukutendea vibaya kwa sababu ya rangi au asili yako. Tofauti huonekana kwa kuangalia walio mbele na nyuma yako. Kama vijana watatu wa rika lako wamepita bila swali, kisha wewe ukaulizwa na pasipoti yako halali ikakataliwa bila sababu, una hoja.

Usigombane na keshia. Andika saa, namba ya kaunta, jina lililo kwenye beji kama lipo. Mwombe meneja, umwulize kwa utulivu utaratibu wa duka unasemaje kuhusu pasipoti za nje. Mwombe aonyeshe ulivyoandikwa. Mara nyingi shida ilikuwa ni keshia mpya ambaye hajawahi kuona pasipoti ya nchi yetu, na meneja huikubali pale pale. Isipokuwa hivyo, andika malalamiko kwa ofisi kuu ya duka siku hiyo hiyo kabla kamera hazijafutwa, na ukishindwa nenda Citizens Advice, ushauri wao ni wa bure.

Kwa wenzangu wa kaunta

Kama ndiyo unaanza kazi hii, utaona kumwuliza Mswahili mwenzako ni kazi ngumu kuliko kumwuliza Mwingereza. Mimi hutanguliza salamu. Kijana akishaniamkia "shikamoo", ameshaniambia yeye ni mdogo kwangu. Naitikia marahaba na mkono nanyoosha kupokea kadi. Kwa anayekaribiana nami umri husema, "Dada, samahani, kazi inanitaka niione kadi yako," na nalitamka neno kazi kwa uzito wake. Sijawahi kusema "unaonekana mdogo" kama sifa. Mtu mzima aliyefukuzana na maisha hadi hapa hataki kuambiwa ni mtoto.

Usiuze kwa ndugu zako. Waachie wenzako.

Binti yangu alinifuata akiwa na miaka minane, akamaliza shule hapa, na Machi 2025 akatimiza 18. Jioni ile alitaka atununulie mwenyewe chupa ya divai kwa pesa yake ya kazi ya Jumamosi, na alitaka ainunue dukani kwetu. Niliondoka kaunta, nikasimama kule kwenye mikate. Aliyekuwa zamu ni mzee wa Kipunjabi ambaye amemwona akija kununua juisi tangu akiwa na sare ya shule ya msingi, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemgawia keki ya siku ya kuzaliwa. Aliishika chupa, akamtazama, akamwomba kitambulisho. Binti yangu akachomoa ile kadi ya kijani.